Jinsi ya kutafuta sifuri za polinomia bila kubahatisha: mwongozo kamili

Kwenye twisheni hapa Dodoma, iwe ni vijana wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au wa mwaka wa kwanza chuoni, wanafunzi hukwama palepale: kutafuta sifuri za polinomia, yaani thamani za x zinazoifanya iwe sawa na 0. Ukiwapa polinomia ya kipeo cha pili wanaimaliza kwa kanuni waliyoikariri tangu kidato cha pili. Ukiwapa ya kipeo cha tatu au cha nne wanaanza kupachika namba zinazowajia kichwani: 1, 2, labda 5. Zikigoma, swali linarukwa.

Wapo pia wanaoijua kanuni nitakayoieleza hapa chini. Hao wanaandika orodha ya namba ishirini na kitu, wanaipigia mstari chini na kuikabidhi kama jibu. Nao wanakosa alama.

Mwongozo huu ni wa makundi yote mawili. Tutashika polinomia moja na kwenda nayo hadi mwisho, kisha tutazitazama zile korofi.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi ya miraba. Namba zikikaa kwenye safu zake, nusu ya makosa ya kugawanya hayatokei.
- Penseli na kifutio.
- Uwezo wa kutaja vigawo vyote vya namba. Njia salama ni kuvitafuta kwa jozi. Kwa 12: 1 × 12, 2 × 6, 3 × 4. Jozi zikianza kujirudia, umemaliza.
- Uwezo wa kurahisisha sehemu na kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika).

Kikokotoo si lazima, na wakati mwingine kinaharibu. Ukiigeuza 2/3 kuwa 0.6667, mwishoni unapata baki dogo la desimali, na huwezi kujua kama ni sifuri halisi au la. Fanya kazi na sehemu kama zilivyo.

## Kanuni yenyewe

Chukua polinomia ambayo koefisienti zake zote (namba zilizo mbele ya vipeo vya x, pamoja na ile isiyo na x) ni namba kamili. Ikiwa ina sifuri ambayo ni namba wiano, yaani inaandikika kama sehemu p/q iliyorahisishwa kabisa, basi:

- p (kiasi) lazima iwe kigawo cha namba ya mwisho, ile isiyo na x;
- q (asili) lazima iwe kigawo cha koefisienti ya kipeo kikubwa kuliko vyote.

Tafadhali rudia kulisoma neno "ikiwa". Kanuni haisemi kwamba sifuri ya namna hiyo ipo. Inasema kwamba kama ipo, haiwezi kuwa nje ya orodha. Ndiyo maana namba za kwenye orodha naziita wagombea: aliyechukua fomu hajashinda uchaguzi, ila asiyechukua fomu hawezi kushinda.

Sababu yake ni fupi, na inafaa kuijua. Mfano wetu ni huu:

f(x) = 6x³ + 17x² − 31x − 12

Tuseme p/q ni sifuri yake. Pachika p/q mahali pa x, kisha zidisha kila kipande kwa q³:

6p³ + 17p²q − 31pq² − 12q³ = 0

Hamisha kipande cha mwisho:

6p³ + 17p²q − 31pq² = 12q³

Kushoto, kila kipande kina p ndani yake. Kwa hiyo p inagawanya 12q³. Lakini sehemu yetu imesharahisishwa, p na q hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, hivyo p haipati msaada wowote kutoka kwa q³. Lazima igawanye 12. Sasa rudi kwenye mstari wa juu: vipande vitatu vya mwisho vyote vina q, basi q inagawanya 6p³, na kwa sababu ileile inagawanya 6.

Aliyeipitia hoja hii kwa mkono wake mwenyewe ni nadra kugeuza p na q juu chini. Aliyekariri tu huzigeuza, hasa akiwa kwenye chumba cha mtihani.

## Hatua ya 1: Safisha polinomia

Kabla ya kutaja kigawo chochote, fanya ukaguzi huu kwa mpangilio.

Panga vipeo kuanzia kikubwa kushuka. Watunga mitihani wanapenda kuandika −12 + 6x³ − 31x + 17x². Asiyepanga anachukua namba ya mwisho anayoiona, 17, na safari nzima inapotea.

Ondoa sehemu na desimali. Kanuni inataka namba kamili. Zidisha polinomia yote kwa KDS ya asili zote. Sifuri hazibadiliki, kwa sababu sifuri mara namba yoyote hubaki sifuri.

Toa kigawo cha shirika cha koefisienti. Ukipewa 12x³ + 34x² − 62x − 24, gawa kwa 2 kwanza. Usipofanya hivyo utakuwa na vigawo 8 vya 24 na vigawo 6 vya 12, jozi 48 za kuandika, wakati ukigawa jozi ni 24 tu. Hutakosea, ila utapoteza dakika za bure.

Kama hakuna namba isiyo na x, toa x nje. Katika 3x⁴ − 5x³ − 2x² namba ya mwisho ni 0, na kila namba ni kigawo cha 0, hivyo orodha yako haitakuwa na mwisho. Andika x²(3x² − 5x − 2). Sifuri ya kwanza umeshaipata, nayo ni 0 yenyewe. Iandike pembeni mapema. Ndiyo inayosahaulika zaidi kwenye jibu. Kilichobaki kwenye mabano ni (3x + 1)(x − 2).

Umefaulu hatua hii kama polinomia yako ina namba kamili tupu, vipeo vinashuka, na namba ya mwisho si 0.

## Hatua ya 2: Taja vigawo

Kwa mfano wetu:

Vigawo vya 12 (vya p): 1, 2, 3, 4, 6, 12
Vigawo vya 6 (vya q): 1, 2, 3, 6

Ishara ya kutoa kwenye −12 usihangaike nayo, maana tutaweka ± mwishoni. Na 1 ni kigawo cha kila namba, usiiache.

## Hatua ya 3: Andika wagombea

Chukua q moja baada ya nyingine, uigawie kila p. Rahisisha papo hapo, na kinachojirudia ukiruke.

q = 1: 1, 2, 3, 4, 6, 12
q = 2: 1/2, 3/2 (nyingine zimeshatajwa)
q = 3: 1/3, 2/3, 4/3
q = 6: 1/6

Hao ni 12. Weka ± mbele ya kila mmoja, wanakuwa 24:

±1, ±2, ±3, ±4, ±6, ±12, ±1/2, ±3/2, ±1/3, ±2/3, ±4/3, ±1/6

Kama swali linasema "orodhesha sifuri zote zinazowezekana kuwa namba wiano", simama hapa. Hilo ndilo jibu. Kama linasema "tafuta sifuri", ndiyo kwanza kazi imeanza.

Onyo: kusahau ± kunaondoa nusu ya orodha. Katika mfano huu sifuri mbili kati ya tatu ni hasi.

## Hatua ya 4: Mchujo

Hapa ndipo ninapotofautiana na walimu wengi. Wao husema "jaribu mmoja mmoja". Wagombea 24 kwa mkono, kila mmoja na sehemu zake! Muda wa mtihani hautoshi, na anayechoka hukosea hesabu rahisi.

Anza na hesabu tatu ambazo hazina gharama:

f(0) = −12 (ni namba ya mwisho tu)
f(1) = 6 + 17 − 31 − 12 = −20 (jumla ya koefisienti)
f(−1) = −6 + 17 + 31 − 12 = 30

Hivyo 1 na −1 wameshaondoka. Lakini majibu hayo usiyatupe, yatachuja na wengine:

- Kama p/q ni sifuri, q − p lazima igawanye f(1) bila baki.
- Kama p/q ni sifuri, q + p lazima igawanye f(−1) bila baki.

Sababu: p/q ikiwa ni sifuri, polinomia inaandikika kama (qx − p) mara polinomia nyingine yenye namba kamili. Pachika x = 1, kipande cha kwanza kinakuwa q − p. Pachika x = −1, kinakuwa −q − p, na ishara haiathiri kugawanyika.

Tuwapitishe wachache. Mgombea 12 ni 12/1: q − p = −11. Je, 11 inagawanya 20? Hapana, jina limekatwa. Mgombea 6: q − p = −5, inagawanya 20, sawa; q + p = 7, haigawanyi 30, limekatwa. Mgombea 4/3: q − p = −1, sawa; q + p = 7, limekatwa. Mgombea −4: q − p ni 1 − (−4) = 5, sawa; q + p = −3, inagawanya 30, amepita.

Kuwa makini na wagombea hasi. Ishara inakaa kwa p, kwa hiyo kwa −1/3 chukua p = −1 na q = 3. Unapata q − p = 4 na q + p = 2, naye anapita.

Ukimaliza wote 24, wanabaki 9:

2, −3, −4, 1/2, 3/2, −3/2, −1/3, 2/3, −2/3

Mchujo huu unafanyika kichwani, na umewaondoa 15. Ila kupita mchujo si ushindi bado.

Onyo moja: f(1) ikitoka 0, basi 1 ni sifuri, na mchujo wa q − p hauna kazi tena kwa sababu kila namba inagawanya 0. Gawanya kwanza kwa x − 1 (hatua ya 6), kisha endelea na kilichobaki.

## Hatua ya 5: Soma ishara

Kanuni ya ishara ya Descartes inasema hivi: hesabu mara ngapi ishara za koefisienti zinabadilika ukitoka kushoto kwenda kulia. Idadi ya sifuri chanya (inayojirudia mara mbili ihesabiwe mbili) ni hiyo, au pungufu yake kwa 2, kwa 4, na kuendelea.

Kwetu ishara ni +, +, −, −. Zimebadilika mara moja. Basi kuna sifuri chanya moja, si zaidi wala si pungufu.

Iko wapi? f(1) = −20. Jaribu 2: f(2) = 48 + 68 − 62 − 12 = 42. Thamani imetoka hasi kwenda chanya, hivyo mchoro umekata mhimili wa x mahali fulani kati ya 1 na 2. Kwenye orodha yetu ya waliopita mchujo, aliye kati ya 1 na 2 ni 3/2 peke yake. Kwa upande wa chanya, kama yupo mshindi ambaye ni namba wiano, ni huyu.

## Hatua ya 6: Gawanya kwa njia ya mkato

Usipachike 3/2 kwenye polinomia. Gawanya kwa njia ya mkato, ile ya kuandika koefisienti tu, maana inakupa vitu viwili kwa pamoja: jibu la kama ni sifuri, na polinomia iliyobaki.

3/2 | 6   17   −31   −12
      |       9    39     12
         6   26     8      0

Shusha 6. Izidishe kwa 3/2 upate 9, andika chini ya 17, jumlisha: 26. Izidishe 26 kwa 3/2 upate 39, jumlisha na −31: 8. Izidishe 8 kwa 3/2 upate 12, jumlisha na −12: 0.

Baki ni 0. Basi 3/2 ni sifuri, na namba 6, 26, 8 ni koefisienti za kilichobaki: 6x² + 26x + 8.

Sasa ujanja ambao sijui kwa nini haufundishwi zaidi. Koefisienti zikiwa namba kamili na mgombea akawa sifuri kweli, kila namba ya mstari wa chini itakuwa namba kamili, tena inayogawanyika kwa q. Tazama: 6, 26 na 8 zote zinagawanyika kwa 2. Kwa hiyo sehemu ikijitokeza kwenye mstari wa chini, acha hapohapo, mgombea ameanguka. Tungemjaribu 4/3: unashusha 6, unapata 25, kisha 25 × 4/3 = 100/3, na ukijumlisha na −31 unapata 7/3. Weka penseli chini, huna haja ya kufika mwisho.

## Hatua ya 7: Malizia na uhakiki

Ukishabaki na kipeo cha pili, orodha imemaliza kazi yake. Tumia njia za kawaida:

6x² + 26x + 8 = 2(3x² + 13x + 4) = 2(3x + 1)(x + 4)

Ile 2 usiitupe kama swali linataka vigawo vya polinomia. Ipe (x − 3/2) iwe (2x − 3):

f(x) = (2x − 3)(3x + 1)(x + 4)

Sifuri ni 3/2, −1/3 na −4. Zote tatu zilikuwa kati ya wale 9.

Kuhakiki kwa haraka kwa kipeo cha tatu: jumla ya sifuri iwe sawa na koefisienti ya x² iliyogeuzwa ishara, kugawa koefisienti ya x³. Hapa 3/2 − 1/3 − 4 = −17/6. Sawa kabisa.

Kama kilichobaki bado ni cha kipeo cha tatu au zaidi, rudi hatua ya 2 ukiwa na polinomia *mpya*, si ile ya mwanzo. Namba zake ni ndogo, orodha ni fupi. Mgombea aliyeanguka hafufuki. Ila aliyeshinda mjaribu tena, anaweza kuwa sifuri mara mbili.

## Polinomia korofi

Yenye kipeo kilichorukwa. Hii ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu kosa lake hujificha. Chukua x³ − 3x + 2. Hakuna x². Mwanafunzi anaandika 1, −3, 2, anagawanya kwa 1, anapata 1, −2, na baki 0. Anafurahi. Anaandika sifuri ni 1 na 2. Lakini f(2) = 8 − 6 + 2 = 4!

Baki lilitoka 0 kwa sababu kugawanya kwa 1 hujumlisha koefisienti tu, na 0 iliyokosekana haiongezi kitu kwenye jumla. Ila mstari wa chini wote ulikuwa wa uongo. Andika 0 mahali pa x²: 1, 0, −3, 2. Sasa mstari wa chini ni 1, 1, −2, 0. Jaribu 1 tena juu ya 1, 1, −2: unapata 1, 2, 0. Sifuri ni 1 (mara mbili) na −2.

Kagua hivi: polinomia ya kipeo n lazima iwe na koefisienti n + 1 kwenye mstari wa juu. Kipeo cha tatu, namba nne.

Yenye sehemu, na isiyo na mshindi. Chukua (1/2)x³ + (3/4)x² − 1/2. Zidisha kwa 4: 2x³ + 3x² − 2. Wagombea ni ±1, ±2, ±1/2. Hesabu:

f(1) = 3, f(−1) = −1, f(2) = 26, f(−2) = −6, f(1/2) = −1, f(−1/2) = −1.5

Wote sita wameanguka. Hukukosea. Jibu ni kwamba polinomia hii haina sifuri ambayo ni namba wiano, na kuandika hivyo ni jibu kamili. Sifuri ipo, kati ya 1/2 na 1, kwa kuwa thamani imetoka −1 ikawa 3, lakini haiandikiki kama sehemu na itabidi uikadirie.

## Mfano wa kazini: chombo cha lita moja

Fundi bati ana kipande cha bati cha sm 30 kwa sm 20. Mteja anayeuza mafuta ya alizeti anataka chombo cha wazi cha lita moja, yaani sentimita za ujazo 1000. Fundi anakata mraba wa upande x kila kona, kisha anakunja. Akate sm ngapi?

x(30 − 2x)(20 − 2x) = 1000

Fungua mabano na uhamishe: 4x³ − 100x² + 600x − 1000 = 0. Gawa kwa 4:

x³ − 25x² + 150x − 250 = 0

Koefisienti ya x³ ni 1, basi q ni 1 na wagombea wote ni namba kamili: vigawo vya 250. Hasi hazina maana kwenye bati. Upana ni sm 20, hivyo x lazima iwe chini ya 10. Wanabaki 1, 2 na 5. Kwenye maswali ya maisha ya kawaida, mazingira yenyewe huchuja kuliko kanuni yoyote.

f(1) = −124 na f(2) = −42. Gawanya kwa 5:

5 | 1   −25   150   −250
    |        5  −100    250
      1   −20    50       0

Kilichobaki, x² − 20x + 50 = 0, kinatoa x = 10 ± √50, yaani takribani 2.93 au 17.07. Hiyo ya pili inazidi 10, haiwezekani.

Basi majibu ni mawili: sm 5, inayotoa chombo cha 20 × 10 × 5, na sm 2.93, inayotoa chombo kipana na kifupi cha takribani 24.14 × 14.14 × 2.93. Kwenye mtihani andika yote mawili, maana anayeishia kwenye 5 hajamaliza swali. Fundi atachagua 5: inapimika kwa rula, na chombo chenye kina kifupi humwaga mafuta kikisukumwa kidogo tu.